Ukurasa Ulioganda

Kobe hakumwamini mtu aliyemkaribisha kiti kabla ya kumuuliza shida yake. Kwa hiyo wakala wa waandishi, anayewatafutia wachapishaji, aliponyoosha mkono kuelekea kiti chenye mto, alishukuru na kubaki amesimama dirishani, akijifanya anatazama barabara. Alichokuwa akitazama ni kioo chenyewe, ambamo chumba chote kilionekana nyuma yake, pamoja na wakala aliyekuwa akizungusha kalamu vidoleni.

Jina la Kobe alipewa na wenzake tangu akiwa polisi, kwa ajili ya mwendo wake, na walidhani wanamkejeli. Alipoacha kazi ya serikali na kuanza kupeleleza kwa kujitegemea, aliona jina halina ubaya, akalibandika mlangoni.

Aliyemtuma huku alikuwa mkunga. Mama huyo alikuwa amezalisha nusu ya mtaa wake, na kwa miaka mingi, kila alipotoka zamu, alikaa kwenye meza ya jikoni akiandika riwaya. Ilihusu watoto wawili waliozaliwa katika wodi moja umeme ukiwa umekatika, na mkunga ambaye ni yeye peke yake aliyejua yupi ni wa nani. Alipoimaliza aliituma kwa wakala huyu, akaanza kusubiri. Alisubiri mpaka watu wa nyumbani wakaacha kumuuliza. Simu ikilia moyo unamruka, kumbe ni wodini wanamwita. Mara kadhaa alitaka kwenda kuuliza mwenyewe, lakini kaka yake, ambaye aliwahi kuchapisha kitabu kimoja na tangu hapo ukoo mzima unamwita Mwandishi, alimzuia kwa maneno yale yale. Subiri, mdogo wangu. Usiwasumbue. Ukiona kimya, ujue wanasoma.

Kisha gazeti likatoa mahojiano na wakala. Bibi huyo alikuwa akisifu riwaya mpya ya mwandishi wake mmoja, itakayotoka kwa jina la kubuni: watoto wawili, giza, mkunga. Mama wa watu aliisoma habari ile amesimama kwenye chumba cha chai cha wodini, akaiacha chai yake mezani, akaenda kumtafuta Kobe.

"Nimeibiwa, bwana," alimwambia Kobe. "Na mwizi namjua. Ni huyo wakala."

Mkataba na mchapishaji ulikuwa utiwe saini leo hii. Ukishatiwa, riwaya itakuwa ya mtu mwingine mbele ya dunia nzima, na mkunga atabaki kuwa mama mmoja mwenye kijicho anayedai vya watu. Ndiyo maana Kobe, asiyependa kuharakishwa, alikuwa amepanda ngazi za watu kabla hata duka la miwani la chini halijafunguliwa.

Bibi wakala hakushtuka alipotajiwa wizi. Alisema huitwa mwizi kila mara. Watu huandika habari za mirathi na mapenzi, kisha kila mmoja anadhani mirathi imeanzia kwao. Alikuwa mwanamke mzima, mnene kiasi, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na jibu lake lilitoka laini mno. Kobe aliliweka akilini. Jibu lililopigwa pasi namna ile huwa limeshavaliwa mara nyingi.

Alimuuliza mwandishi wa riwaya hiyo mpya ni nani. Bibi alikataa. Mtu akiomba jina lake lifichwe, alisema, hata mumewe hamwambii.

"Basi nionyeshe mswada wa mkunga."

"Huo upo. Hapa hakipotei kitu."

Alimwita msomaji wake kutoka chumba cha pili. Huyu alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, wa makamo, aliyevaa sweta hata kwenye joto, na kazi yake ilikuwa kusoma miswada na kumpa bosi wake maoni. Aliposikia kinachotafutwa alimeza mate. Kobe aliyaona mate yakishuka. Aliona pia kwamba kabla ya kwenda kwenye rafu, msomaji alirudi mezani kwake, akafunga droo kwa goti.

Rafu zilijaa ukuta mmoja kuanzia chini mpaka juu, miswada imelazwa imebanana, na jua la dirishani likiipiga ubavuni kila asubuhi. Wakati msomaji akipekua, Kobe alimuuliza miswada inafikaje pale. Kwa sanduku, alijibu, lile la mbao lililo mlangoni, karibu na benchi. Mama bosi hapokei mswada mkononi, hata uwe wa mwanawe wa kumzaa. Akipokea mkononi, mletaji atataka kukaa aeleze.

"Hata siku moja hajapokea?"

"Hata siku moja," wakala alidakia. "Na asilani sitapokea."

Kobe alitikisa kichwa polepole. Kuna neno aliloambiwa na mkunga ambalo halikukaa sawa na hili, lakini alilinyamazia kwanza.

Mswada ulipatikana rafu ya tatu. Ulikuwa umefungwa utepe, fundo likiwa ubavuni, na juu ya fundo hilo ilikuwa imebandikwa karatasi nyembamba yenye muhuri wa siku ulipopokelewa. Bibi alieleza utaratibu wao bila kuombwa. Kila mswada unaotolewa sandukuni hubandikwa karatasi ile siku hiyo hiyo, na karatasi huchanwa siku ya kuanza kusomwa. Karatasi ya huu ilikuwa nzima.

"Kwa hiyo hamjausoma," Kobe alisema.

Kwa mara ya kwanza bibi alipoteza ulaini wake. Alitazama rafu zake, akavua miwani ya machoni. Alikiri hawajausoma, na kwamba ilimuumiza, maana yeye si mtu wa kuwaweka watu roho juu, ila wao ni wawili na waandishi ni jeshi.

Maelezo hayo yangemtosha mtu mwingine. Kobe aliwaza kwamba karatasi inaweza kubandikwa hata jana jioni, na muhuri wa tarehe huzungushwa kwa kidole. Aliomba maji kidogo, akalowanisha ncha ya leso, akailainisha karatasi upande mmoja na kuinyanyua. Jua la dirishani lilikuwa limeufanya utepe na kingo za kurasa kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Chini ya karatasi, utepe ulikuwa mweupe pe, umechorwa mstari wazi kama alama ya saa kwenye mkono wa mtu mweupe. Karatasi ile ilikuwa imekaa pale muda wote. Humu ndani hakuna aliyeufungua mswada.

Hata hivyo alibaki na msomaji. Alienda moja kwa moja kwenye meza yake, akamwomba afungue ile droo.

"Ni vitu vyangu binafsi."

"Ndiyo maana naomba, sijaifungua mwenyewe."

Msomaji alimtazama bosi wake, akamtazama Kobe, akaona hana pa kupita. Ndani ya droo kulikuwa na mswada mnene, kingo zimechakaa kwa kushikwashikwa. Bibi wakala aliinuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuhukumu. Kobe alifunua kurasa tatu za mwanzo. Hapakuwa na mkunga wala watoto. Palikuwa na wazee wawili wanaogombea bustani.

"Ni wangu," msomaji alisema, akitazama sakafu. "Nimeandika mwenyewe. Nataka kumpa mama huyu ausome, ila kila nikiukaribisha mezani kwake naukumbuka ule ukuta wa rafu, naurudisha."

Bibi alikaa. Miaka yote wamekunywa chai pamoja, alisema, naye hakujua. Msomaji alisema hakutaka ajue kabla ya kuwa tayari kukataliwa. Kobe aliwaacha wamalizane na aibu yao, akarudi kwenye mswada wa mkunga. Njia hii ilikuwa imekufa, na saa ya saini ilikuwa inakaribia.

Aliinama juu ya fundo. Mkunga alimwambia kwamba aliufunga mswada kwa utepe wa wodini, ule wa kufungia vitovu, na mkunga hana namna nyingine ya kufunga kitu. Hata mfuko wa sukari kwake anauzungushia mara mbili kabla ya kukaza, fundo linalala bapa na halilegei. Fundo lililokuwa mbele ya Kobe lilikuwa la kipepeo, lenye masikio mawili, kama la kamba za viatu. Na lilikuwa chini ya karatasi ambayo haijaguswa tangu siku mswada ulipotoka sandukuni.

Alinyoosha mgongo. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya upole kuliko mwanzo, na waliomfahamu wangejua kwamba hapo ndipo pa kumwogopa.

"Mama, niambie jambo moja tu kuhusu hiyo riwaya mpya. Sitaki jina. Kuna mahali ilikusumbua?"

Bibi alifikiri. Alisema riwaya ni nzuri ajabu, mwandishi alimletea hivi karibuni, na kwa kuwa ni mtu wake wa zamani aliisoma usiku uleule bila kuipanga foleni. Hapo aliona haya kidogo. Lakini lipo jambo moja. Mwisho wa kitabu, watoto wakiwa watu wazima, mama mmoja anatoa uzi mwekundu aliomkuta nao mwanawe kifundoni mwa mguu, na kwa uzi huo kila kitu kinajulikana. Uzi wenyewe umetoka wapi? Hakuna mahali unapofungwa. Amemuuliza mwandishi, na mwandishi anampiga chenga. Leo akija kutia saini ameahidi kueleza.

"Anakuja saa ngapi?"

"Muda si mrefu."

Kobe aliomba simu, akampigia mkunga.

Mkunga alifika akiwa bado na viatu vyake vyeupe vya wodini. Hakumsalimu wakala. Alipouona mswada wake mezani alisimama ghafla, na macho yake yakalowa. Kobe alimtaka aeleze tena, bibi akisikia, ule mtego wake. Alieleza kwa kiburi kidogo. Alikuwa amesikia kwamba mawakala hawasomi, wanarudisha tu, akasema atawaumbua. Katikati ya mswada kuna sura fupi inayoishia ndani ya ukurasa mmoja. Aliupaka gundi pembeni, akaubandika nyuma ya ukurasa uliotangulia. Anayesoma kwa kidole na jicho angehisi unene, angeutenganisha kwa ukucha. Asiyesoma angepita.

"Utenganishe," Kobe alisema.

Alikata utepe, akafunua, akapitisha ukucha wa kidole gumba. Ukurasa ulitoka kwa mlio mdogo wa kukwaruza. Kobe alimwomba asome kwa sauti, naye akasoma: taa zimezimika, mama wa kwanza amezimia, mkunga hana cha kumwekea mtoto alama, anang'ata pindo la kilemba chake, anachomoa uzi mwekundu, anaufunga kifundoni mwa mtoto kwa kupapasa.

Bibi wakala aliweka mkono mdomoni.

"Ndio uzi wenyewe," alisema.

"Ndio wenyewe," Kobe alisema. "Aliyeiba hakuuona ukurasa huu. Alipitisha mswada kwenye mashine ya fotokopi, na mashine ikameza karatasi mbili kama moja. Sura wala kurasa za humu hazina namba, kwa hiyo hakujua kwamba moja imebaki. Alipofika mwisho akakuta uzi, akashindwa kuuliza. Angemuuliza nani?"

Mkunga alimgeukia wakala kwa hasira, kidole kimeshainuka. Kobe alimshusha mkono. Alimweleza habari ya karatasi ya muhuri na ya fundo la kipepeo, taratibu, kila moja kwa zamu yake. Mswada ulifunguliwa kabla ya kufika sandukuni. Baada ya meza yake ya jikoni, kabla ya mlango huu.

"Uliniambia ulikuwa zamu siku hiyo, hukuuleta mwenyewe. Uliniambia aliyeuleta alikwambia amemkabidhi wakala mkononi, na wakala akatabasamu."

"Mimi sipokei mkononi," bibi alisema.

Mkunga alikaa kwenye kile kiti chenye mto. Kisha akasema hapana. Aliyeuleta ni kaka yake, na hata kuusoma alikataa, alisema atausoma ukishakuwa kitabu, asije akauharibu kwa maoni yake. Wao ni wa tumbo moja. Yeye ndiye aliyemfundisha kuandika, akimshika mkono. Labda aliusahau mahali. Labda kwenye duka la fotokopi kuna mtu. Kobe alimwacha aseme, kwa kuwa hakuna alichosema ambacho yeye mwenyewe alikiamini, na ilikuwa wazi kwamba kinamuuma.

Viatu vilisikika ngazini, vya mtu asiye na wasiwasi. Kobe alimwashiria mkunga aingie chumba cha msomaji, mlango ukaachwa wazi kidogo.

Aliyeingia alikuwa mwanamume nadhifu, mvi zimechanwa vizuri, na shati lililonyooshwa kwa ajili ya siku kubwa. Kobe alitazama chini kwanza. Viatu vya kamba, kila kimoja na kipepeo chake. Bibi wakala alimtambulisha Kobe kama msomaji wa pili aliyeipenda riwaya.

"Imenikosesha usingizi," Kobe alisema. "Kasoro ule uzi. Nani aliufunga?"

Mwanamume alicheka kidogo, akasema msomaji mzuri huachiwa pengo alijaze. Kobe alisema yeye si msomaji mzuri, ajaziwe. Mwanamume aliangalia kalamu iliyolala juu ya mkataba, akavuta pumzi.

"Mama yake, basi. Mama wa mtoto ndiye aliyeufunga."

"Mama alikuwa amezimia, kaka."

Mkunga alikuwa amesimama mlangoni, ukurasa mkononi. Kaka yake hakupiga kelele wala hakukimbia. Alishika ukingo wa meza kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Alianza kusema ilikuwa kwa ajili yake, angekuja kumweleza, kisha akaona macho ya dada yake, akaanza upya. Ukweli ulitoka vipande vipande. Aliufungua njiani auangalie tu, aone kama unafaa. Alisoma mpaka mwisho kwenye benchi la kituo cha basi. Tangu kile kitabu chake cha kwanza alikuwa hajapata sentensi moja ya kumpendeza, na mdogo wake alikuwa nazo mamia. Alipokwisha kuutoa nakala, kuutupa alishindwa. Akautia sandukuni kwa sababu alijua rafu za pale.

"Nilijua hawatausoma leo wala kesho," alisema. "Na kweli hawakuusoma."

Bibi wakala aliinamisha kichwa. Hilo lilikuwa lake, na alilichukua. Aliuchukua mkataba, akaupasua katikati, akavitia vipande kwenye pipa la taka.

Mkunga hakuvitazama. Aliupanga mswada wake, ukurasa ulioganda ukarudi mahali pake, akauzungushia utepe mara mbili kabla ya kukaza. Kisha akaunyoosha mbele ya wakala, kwa mikono miwili. Bibi aliutazama muda. Aliinuka kwenye kiti chake, akaupokea mkononi, na hakuupeleka kwenye rafu wala hakutafuta muhuri.

Kobe alichukua kofia yake. Kazi yake ilikuwa imekwisha, na yaliyobaki hayakuwa ya mpelelezi. Hata hivyo alikawia mlangoni, maana kaka mtu alikuwa amemfuata dada yake mpaka nje, karibu na lile sanduku la mbao, na alikuwa analia waziwazi bila kujifuta.

"Niseme nini, mdogo wangu? Nitukane. Nifukuze. Ila usiniache hivi. Nijibu kitu."

Chini ya kwapa mkunga alikuwa amebeba bunda jingine alilolichukua kwenye meza ya wakala. Ilikuwa ile nakala ya wizi, yenye jina la kubuni juu yake. Alimwonyesha kaka yake benchi la wanaosubiri.

"Subiri, kaka," alisema. "Usinisumbue. Ukiona kimya, ujue nasoma."

Akashuka ngazi. Kaka yake akakaa.